CPA, CFA au Masta? Tumwangalie Graham

Wenzangu wa mwaka wa tatu, hosteli siku hizi swali ni moja tu: tukimaliza, tusome nini tena? CPA, CFA au masta? Ada yenyewe wengi wetu hatujui itatoka wapi, kwa hiyo ukichagua vibaya umeumia. Mimi jibu nimelitafuta kwenye maisha ya Benjamin Graham, aliyepigania mtihani wa wachambuzi wa hisa wakati haupo.

Graham alizaliwa London mwaka 1894, akapelekwa New York akiwa bado mdogo sana. Baba yake alifariki mwaka 1903, na msukosuko wa fedha wa 1907 ukamaliza akiba ya mama. Kijana akasoma Chuo Kikuu cha Columbia huku anafanya vibarua, akahitimu 1914 akiwa na miaka 20. Idara tatu, za Kiingereza, falsafa na hisabati, zilimtaka abaki afundishe. Akakataa. Nyumbani hela ilihitajika, akaenda Wall Street kwa dola 12 kwa wiki.

Fedha hakuwa amezisomea, na masta hakurudi kuichukua. Shule yake ilikuwa ripoti za makampuni. Mwaka 1926 alisafiri hadi Washington kusoma taarifa ambazo kampuni ya mabomba ya mafuta, Northern Pipe Line, iliziwasilisha serikalini. Akakuta hisa inayouzwa dola 65 ina mali ya kama dola 95 nyuma yake, nyingi ikiwa hati fungani. Taarifa zilikuwa wazi kwa yeyote. Kazi ilikuwa kwenda kuzisoma.

Mwaka 1928 akaanza kufundisha jioni palepale Columbia. Mwaka uliofuata soko likaanguka, na fedha alizosimamia zikapotea kwa sehemu kubwa. Hakuacha. Mwaka 1934 yeye na David Dodd wakatoa kitabu cha Security Analysis. Miaka ya 1940 akaanza kudai kwamba mtu anayeshauri watu wapi waweke fedha zao apimwe kwanza, kama mhasibu anavyopimwa. Wapo waliompinga. Mtihani wa kwanza wa CFA ulifanyika 1963, watahiniwa 284. Mwenyewe alikuwa ameshastaafu. Alifariki 1976.

Sasa, mtu asiniambie kwamba tuache vyeti kwa sababu Graham hakuwa navyo. Zama zile mlango ulikuwa wazi. Leo bila CPA na usajili wa NBAA huwezi kusaini ripoti ya ukaguzi. Ninachokiona mimi ni kwamba kazi ilitangulia, mtihani ukatungwa kuipima. Basi na sisi tuchague kazi kwanza. Unataka kuchambua hisa na kusimamia mifuko? CFA, ngazi tatu, ada kwa dola. Unataka kufundisha chuo? Masta. Mimi nataka ukaguzi, kwa hiyo naanza na CPA. Hizo nyingine zitangoja mshahara.

Na kama bado hujui unataka kazi ipi, usilipe ada yoyote kwanza. Pakua ripoti ya mwaka ya kampuni moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni bure. Isome mpaka mwisho. Ukichoka ukurasa wa kumi, utakuwa umejua jambo kubwa kabla hujatoa hata shilingi.