Daktari bingwa wa upasuaji aliyelazimika kuzimua

Huenda mtaani kwenu, iwe Mbagala, Tandika au Manzese, unamfahamu mtu ambaye hawezi kushika kikombe cha chai asubuhi mpaka azimue. Wengi huona ni tamaa tu. Leo nakusimulia habari za daktari mwenzetu wa zamani aliyekuwa hivyo hivyo, kwa sababu kilichomtokea kinaweza kumtokea mtu wa nyumbani kwako.

Robert Smith, maarufu kama Dokta Bob, alizaliwa mwaka 1879 huko Vermont, Marekani. Pombe aliianza akiwa chuoni, ikamchelewesha masomo, na udaktari akahitimu mwaka 1910. Alihamia mji wa Akron, akawa mpasuaji, na mwaka 1915 akamuoa Anne.

Kwa miaka mingi alimeza dawa za kutuliza kila asubuhi ili mikono iache kutetemeka afanye kazi, jioni akarudi kwenye chupa. Mke akipekua mifuko ya koti, chupa ilikuwa kwenye soksi. Akihamia soksi, ilikuwa kwenye makaa. Waliowahi kukuta kiroba ndani ya kiatu cha mvua, kabla havijapigwa marufuku mwaka 2017, wananielewa. Alijipeleka kulazwa zaidi ya mara kumi. Akitoka, anarudia. Nia alikuwa nayo.

Mei 1935 alikutana na Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha miezi michache tu. Alipanga kukaa naye dakika 15, wakazungumza saa sita. Akaacha. Wiki chache baadaye akasafiri kwenda mkutano wa madaktari, akaanza kunywa akiwa ndani ya treni, akarudishwa nyumbani akiwa hajitambui vizuri. Bill na Anne walimuuguza siku kadhaa, maana alikuwa na mgonjwa wa kumpasua. Asubuhi ya operesheni Bill alimpa chupa ya bia ili mikono itulie. Hiyo ndiyo inayotajwa kuwa pombe yake ya mwisho, na tarehe 10 Juni 1935 ndiyo siku chama chao cha walevi wanaosaidiana kuacha kinapohesabu kuzaliwa kwake.

Kwa nini bia? Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ukinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo nao hujikaza ili uendelee kufanya kazi. Pombe ikikatwa ghafla, ule mkazo unabaki peke yake: jasho, moyo kwenda mbio, kutapika, kukosa usingizi. Ndiyo arosto ya pombe. Huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Siku ya pili hadi ya nne wengine hupata maruweruwe, wanaona wadudu ukutani, wanapigana na watu wasiokuwepo, na hapo ndugu hukimbilia kwa mganga wakidhani ni jini. Hali hii inaua.

Kwa hiyo, mama, usimfungie kijana chumbani ili akome. Mnywaji wa kila siku anayetetemeka, au aliyewahi kupata degedege, mlete hospitali kabla hajaacha. Temeke au Mwananyamala si mbali. Hatumpi bia siku hizi. Tunatumia diazepamu au dawa za jamii yake, kwa kipimo kinachopungua siku hadi siku kwa takriban wiki moja, pamoja na vitamini B1, mara nyingi kwa sindano, kulinda ubongo. Diazepamu usiinunue dukani ukamgawia mwenyewe: akiichanganya na pombe anaweza kuacha kupumua.

Wiki hiyo ikipita, familia hupumua, na hapo ndipo wengi wanaporudia, kama Bob kwenye treni. Zipo dawa za kipindi hiki. Naltreksoni hupunguza raha na hamu ya pombe. Haimfai anayetumia heroini, methadoni au dawa kali za maumivu za jamii hiyo. Akamprosati husaidia asirudie, ila figo ziwe nzima. Hazipatikani kila duka, muulize daktari. Disalfiramu humfanya anywaye augue vibaya, na kuna wake huniuliza kama wanaweza kuitia kwenye mchuzi kimyakimya. Hapana. Asiyejua ameimeza akinywa, shinikizo la damu linaweza kuporomoka akafa mezani.

Dokta Bob hakuwa na dawa hizo. Hamu ya pombe ilimsumbua karibu kila siku kwa miaka miwili na nusu. Kuanzia mwaka 1939, akiwa na mtawa Sista Ignatia, alilaza walevi katika hospitali ya St. Thomas mjini Akron, enzi ambazo hospitali nyingi ziliwakataa. Inahesabiwa alihudumia takriban 5,000, bila kuwatoza malipo yake. Alifariki Novemba 1950, miaka 15 bila kuonja.