Msiri: mtawala aliyetajirika kwa shaba

Malori yanayopita Tunduma na shaba ya Katanga kwenda bandari ya Dar es Salaam yanaendeleza biashara ya zamani sana. Katikati ya karne ya 19 mzigo huo ulibebwa mabegani, na mojawapo ya njia za kwenda Tabora ilizunguka kusini ya Ziwa Tanganyika na kukata nyanda za Ufipa, nchi ya wakulima wa ulezi, ambako ndiko Chala na Sumbawanga za leo. Aliyekuja kuushika mzigo huo kwenye chanzo chake ni Ngelengwa, maarufu kwa jina la Msiri.

Alizaliwa Usumbwa, kaskazini magharibi ya Tabora, yapata mwaka 1830. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba, hivyo kijana alirithi njia na wateja. Alipohamia Katanga miaka ya 1850 mtaji wake ulikuwa bunduki chache. Aliwasaidia watemi wa huko vitani, akaoa kwao, kisha akawameza mmoja mmoja.

Wenyeji walikuwa tayari wanayeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba. Watu wa Msiri, Wayeke, walikuwa mafundi wa kuivuta. Fimbo ya shaba ilifuliwa, ikapitishwa kwenye tundu la chuma, halafu tundu dogo zaidi, hadi ikawa nyembamba kama uzi. Uzi huo ulizungushiwa kiini cha singa za mkia au nyuzi za mimea, ikapatikana bangili inayopinda bila kukatika. Msalaba mmoja ulitoa bangili nyingi, na hata mnunuzi mdogo aliweza kupata yake.

Watengeneza piano wa Ulaya walitumia ufundi wa namna hiyo hiyo kwa sababu nyingine. Uzi wa sauti nzito sharti uwe mrefu au mzito. Waya mnene mtupu wa feleji huwa mgumu kupinda, na sauti zake ndogondogo za juu hupanda kupita kiasi, mlio ukaharibika. Kwa hiyo huzungushia shaba kwenye kiini chembamba cha feleji: uzito unaongezeka, ulaini unabaki. Kiini kikizidi unene, kasoro ile inarudi.

Msiri hakuishia kwenye shaba. Mji wake wa Bunkeya uliuza pia pembe za ndovu na watumwa, ukinunua bunduki na baruti kutoka pwani zote mbili, ya Zanzibar na ya Benguela. Hapo ndipo hesabu yake ilipoharibika, maana aliuza mikono iliyolima. Mwaka 1891 Wasanga waliasi, mashamba yakatelekezwa, njaa ikaingia Bunkeya. Msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ulimkuta katika hali hiyo. Alikataa bendera yao, akapigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891.

Mwanawe, Mukanda Bantu, alikubali masharti. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuri la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Iliondoka ikiwa mikuo, na waya ukavutwa Ulaya.