Rolf Landauer, mkimbizi aliyefungua njia ya kuhesabu umeme ndani ya molekuli

Siku hizi, kabla ya maabara kutengeneza kifaa cha elektroniki chenye ukubwa wa molekuli moja, kompyuta hukijaribu kwanza. Mzizi wa hesabu hiyo ni makala ya Rolf Landauer ya mwaka 1957, ambayo kwa miaka mingi ilisomwa na watu wachache sana.

Alizaliwa Stuttgart, inchini Ujerumani, tarehe 4 Februari 1927, katika familia ya Wayahudi. Baba yake, mjenzi aliyeipigania Ujerumani katika Vita Kuu ya kwanza, aliamini kwamba utawala wa Wanazi hautadumu. Alifariki Rolf akiwa bado mtoto. Mwaka 1938 familia ilikimbilia New York. Kijana alimaliza masomo ya Harvard akiwa na miaka 18 tu, akatumika katika jeshi la majini la Marekani, kisha akapata udaktari Harvard mwaka 1950. Miaka miwili baadaye aliingia kampuni ya IBM.

Wakati huo kompyuta moja ilijaza chumba kizima. Hata hivyo, yeye aliwaza juu ya vitu vidogo mno. Aliuliza: elektroni ikikutana na kizuizi, ina uwezekano gani wa kupita, na uwezekano gani wa kurudishwa? Ukijua hilo, unaweza kujua umeme utakaopita. Makala hiyo ilitoka katika jarida la IBM yenyewe, na wanafizikia wengi hawakuiona.

Miaka ya 1980 ndipo mabishano yalipowaka kuhusu namna sahihi ya kuandika kanuni hiyo. Markus Büttiker, mwenzake wa IBM, aliipanua. Mwaka 1988 watafiti wa Uholanzi na Uingereza walipitisha umeme katika njia nyembamba sana, wakaona unapanda kwa ngazi zilizo sawa, kama kanuni ilivyodai. Leo programu huhesabu kwanza elektroni za molekuli ya kaboni iliyobanwa kati ya ncha mbili za dhahabu, kisha hutumia kanuni hiyo kupata umeme unaopita.

Mwaka 1961 alionyesha pia kwamba kufuta habari ndani ya kompyuta lazima kutoe joto, hata kama ni kidogo sana. Wengi walilipinga wazo hilo. Lilithibitishwa maabarani mwaka 2012, miaka 13 baada ya saratani ya ubongo kumuua Landauer nyumbani kwake, jimboni New York.