Hiroshige: Mzimamoto aliyemkuta Hokusai kileleni

Utagawa Hiroshige alizaliwa mwaka 1797 mjini Edo, ambao leo ndio Tokyo, Japani. Baba yake alikuwa mzimamoto wa serikali.

Mwaka 1809 mama yake alifariki. Mwaka huohuo baba naye akafuata, akiwa ameshamwachia mwanawe kazi. Hiroshige akabaki yatima na mzimamoto, akiwa na miaka kama 12 tu.

Kazi ile haikulipa sana, ila muda ulipatikana. Akaingia kwa mwalimu Utagawa Toyohiro kujifunza kuchora.

Enzi hizo mchoraji hakufanya kazi peke yake. Alitoa mchoro, fundi akauchonga kwenye ubao, mwingine akapaka rangi na kugandamiza karatasi juu yake. Kila rangi ilikuwa na ubao wake. Nakala zikatoka nyingi, kwa bei ambayo hata mtu wa kawaida aliimudu.

Shida ilikuwa moja: kileleni tayari kulikuwa na mtu. Katsushika Hokusai, mzee wa miaka 70, alikuwa ametikisa soko mwanzoni mwa miaka ya 1830 kwa picha zake za Mlima Fuji, likiwemo lile wimbi kubwa linalojulikana dunia nzima.

Hiroshige, umri wake miaka 30 na kitu, hakumfuata mzee mlimani. Alichukua barabara.

Barabara ya Tokaido, kutoka Edo hadi Kyoto, ilikuwa na vituo 53 vya wasafiri. Mtu wa Kasokola au Mpanda aliyewahi kupanda treni ya Tabora anajua safari ya namna hiyo: kituo baada ya kituo, kila kimoja na sura yake.

Picha hizo zilianza kutoka mwaka 1833. Wapo watu wanaokimbia mvua, wanaotembea kwenye theluji usiku, na wasafiri wanaovutwa kwa nguvu na wanawake wa nyumba za wageni. Wanunuzi walijiona wenyewe humo. Zikauzika balaa, na jina lake likakaa sambamba na la Hokusai.

Hokusai alifariki mwaka 1849. Ni baada ya hapo ndipo Hiroshige naye akatoa picha zake 36 za Fuji.

Mwaka 1856 alinyoa kichwa, akawa mtawa wa Kibudha, na kuanza kuchora zaidi ya picha 100 za mji wake wa Edo. Alifariki mwaka 1858, kipindupindu kikiwa kimeingia mjini. Pamoja na umaarufu wote, aliagiza nyumba yake iuzwe ili madeni yalipwe.

Mwaka 1887 huko Paris, Vincent van Gogh alikaa na picha mbili za Hiroshige, akazinakili kwa rangi za mafuta. Moja ni ya watu wanaovuka daraja huku mvua ikiwanyeshea.