Maisha ya Harry Thuku, Mkulima wa Kahawa

Huenda wasomaji wetu wa Tarime na Serengeti wakauliza kwa nini tumeweka maisha ya mtu wa Kiambu katika kijitabu cha ukumbusho wa miaka kumi ya chama chetu kikuu. Sababu ya kwanza ni kahawa, zao ambalo wanachama wetu wa milima ya Tarime walijua kuliko tuwezavyo kulieleza. Ya pili ni neno lisikiwalo katika mikutano, kwamba mkulima fulani hataki kubadilika. Neno hilo hutamkwa upesi mno. Thuku alibadilika zaidi ya mara moja, na kila mara twaona kazi ya mahali alipokuwa na ya sheria iliyomtawala, pamoja na kazi ya nia yake mwenyewe.

Alizaliwa Kambui mwaka 1895. Baada ya kusoma miaka minne katika shule ya misheni, alikwenda Nairobi mwaka 1911 kutafuta kazi. Mji ule ulikuwa mchanga, wenye fedha nyingi za kutazamwa na chache za kushikwa. Haukupita muda akafungwa miaka miwili kwa ajili ya hundi ya kughushi. Hatulitaji jambo hili ili kumwaibisha marehemu, bali kwa kuwa vijana wengi wa namna hiyo huishia hapo. Yeye alipotoka alipata kazi ya kupanga herufi za chapa katika gazeti la walowezi, The Leader. Mpanga herufi hana budi kulisoma kila neno. Basi kijana yule alilipwa mshahara kwa kusoma yale walowezi waliyowaambia wenzao. Mwaka 1918 akahamia kazi ya simu katika Hazina ya serikali. Sisi twaamini kwamba kazi hizo mbili zilimgeuza kuliko gereza.

Mwaka 1921 walowezi walitaka kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kipande kilikuwa kimekwisha kuwaelemea wanaume, na wanawake na wasichana walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Thuku akaongoza chama cha vijana wa Kikuyu, kisha chama kipana zaidi kilichowakaribisha watu wa makabila yote. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku ya pili yake watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi, na tarehe 16 risasi zikafyatuliwa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni zaidi sana. Mwanamke mmoja jasiri, Mary Nyanjiru, alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Thuku hakuhukumiwa na mahakama yoyote. Alipelekwa Kisimayu, na mji huo ulipotolewa kwa Waitalia mwaka 1925 akahamishwa, hata mwisho akawekwa Marsabit. Alikaa uhamishoni karibu miaka tisa.

Aliporudi mwanzoni mwa mwaka 1931, watu walikuwa wakimngoja Thuku wa mwaka 1922. Mtu huyo hakuwapo tena. Mwaka 1932 walimchagua kuwa rais wa chama chao, lakini mabishano hayakukoma, na mwaka 1935 akajitenga, akaanzisha chama kingine chenye kushika sheria. Mwaka 1952 alizungumza katika redio kuwapinga Mau Mau. Wako waliomwita msaliti, na wako waliomsifu kuwa mtu wa busara. Hatukubaliani moja kwa moja na upande wowote. Uhamisho ulimwondoa katika kundi lililompa nguvu, na kundi lile nalo likakua bila yeye. Mtu akibadilika mbali na wenziwe, hurudi akiwa mgeni kwao, hata kama mabadiliko yake ni ya kweli.

Ndipo akashika jembe, na hapo pia sheria ilikuwa imemtangulia. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha kahawa tangu mwaka 1925, na kufikia mwaka 1933 walikuwa na ushirika kamili. Kenya, Mwafrika hakuruhusiwa kulima zao lile, isipokuwa katika miaka ya 1930 serikali ilipowafungulia mlango mdogo watu wa Kisii, jirani zetu, na wa Meru na Embu. Mkikuyu mwenye ardhi nzuri na nia njema angeweza kuzeeka akitazama kahawa ya mlowezi ng'ambo ya ua. Sheria ilipolegezwa, Thuku alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupewa kibali. Mwaka 1959 akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya chama cha wakulima wa kahawa, KPCU.

Twaomba viongozi wa vyama vya msingi wamkumbuke wanapomlaumu mwanachama aliyeuza kahawa yake ingali juu ya mti. Huenda aliahidi, tena kwa moyo safi, kwamba mwaka huu atangoja malipo ya chama. Lakini karo ya shule haingoji, na mnunuzi amekwisha kufika uani na fedha mkononi. Malipo ya awali yatolewayo mapema yangemsaidia kutimiza ahadi yake kuliko hotuba tatu.

Thuku alifariki tarehe 14 Juni 1970, na mwaka uo huo kitabu cha maisha yake kilichapishwa Nairobi. Barabara ipitayo kando ya hoteli ya Norfolk, ambako walowezi nao walifyatua risasi siku ile ya 1922, inaitwa kwa jina lake.