Fahali Wawili wa Ferrari: Maisha ya Gilles Villeneuve

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Katika mashindano ya magari ya Formula One mazizi yote yana fahali wawili: timu moja, madereva wawili, bingwa mmoja. Ndiyo maana mpinzani wa kwanza wa dereva ni mwenzake wa timu, kwani huyo ndiye mwenye gari kama lake. Akikushinda, huna cha kusingizia.

Gilles Villeneuve alizaliwa Januari 18, 1950 katika jimbo la Quebec, Kanada, akakulia mji mdogo wa Berthierville. Jamaa huyu alipata jina kwanza kwenye barafu, akishindana na pikipiki za theluji, na mwaka 1974 akawa bingwa wa dunia wa mchezo huo. Julai 1977 alikimbia mara moja na McLaren kule Silverstone, Uingereza, na kabla ya mwaka kwisha Ferrari wakamchukua kuziba pengo la Niki Lauda.

Msimu wa 1979 unatugusa sisi Waafrika. Mwenzake wa timu alikuwa Jody Scheckter wa Afrika Kusini. Kila mmoja alishinda mbio tatu mwaka ule, na Villeneuve alimshinda Scheckter hata nyumbani kwake, Kyalami. Lakini walipofika Monza, Italia, ubingwa ulikuwa karibu na Scheckter. Villeneuve alikaa nyuma yake mpaka mwisho, wala hakumvamia. Scheckter akawa bingwa kwa pointi 51 dhidi ya 47, na mpaka leo hajatokea Mwafrika mwingine aliyeupata ubingwa huo. Villeneuve aliona ni haki tu: leo yako, kesho yangu.

Mwaka 1981 akaja Didier Pironi, Mfaransa. Walielewana vizuri, na Villeneuve alimwona kama rafiki. Ndipo ikafika Aprili 25, 1982, mbio za Imola, Italia. Timu nyingi ziligoma, yakaanza magari 14 tu. Renault zilipoharibika, Ferrari mbili zikabaki mbele peke yake, Villeneuve wa kwanza, Pironi wa pili. Injini zao za tabo zilikuwa zinakula mafuta sana, basi mafundi wakaonyesha ubao wa kuwataka wapunguze mwendo.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Villeneuve aliuelewa ubao ule kwamba kila mtu abaki nafasi yake, kama yeye alivyobaki Monza. Pironi aliuelewa kwamba tunzeni magari, lakini mbio bado zinaendelea. Wakapishana mara kadhaa, Villeneuve akidhani wanawafurahisha watazamaji. Mzunguko wa mwisho Pironi akapita na hakurudi nyuma. Villeneuve alishuka jukwaani amenuna, akaapa kutosema naye tena.

Sisi tunaosoma uhandisi tunafundishwa kwamba agizo lenye maana mbili ni hatari kuliko kukosa agizo. Ubao ule ulikuwa na neno moja tu, na kila mmoja akalisoma kwa faida yake.

Siku 13 baadaye, Mei 8, walikuwa Zolder, Ubelgiji, wakipanga nafasi za kuanzia. Pironi alikuwa mbele yake kwa kama sehemu ya kumi ya sekunde. Villeneuve, akiwa mwendo kasi, alilikuta gari la Jochen Mass likienda polepole. Mass alihamia kulia kumpisha, naye Villeneuve alikuwa amechagua kulia hiyo hiyo. Alifariki usiku ule, akiwa na miaka 32 na ushindi wa mbio sita.

Pironi naye hakuufaidi ubingwa. Alikuwa anaongoza kwa pointi alipovunjika miguu Hockenheim, Ujerumani, Agosti mwaka ule ule, asirudi tena Formula One. Agosti 1987 alikufa katika mbio za boti karibu na kisiwa cha Wight, Uingereza. Mapema 1988 mpenzi wake alijifungua mapacha wa kiume. Mmoja akaitwa Didier, wa pili Gilles.

Ndugu zangu, tunaoshirikiana chumba, mradi wa chuo, au biashara ndogo huku ughaibuni, tukubaliane mapema, kwa maneno kamili, nani atatangulia lini. Urafiki pekee hautoshi kuwa mkataba.