Roy Weatherby na Bunduki Yenye Koo Refu

Kabla Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977, mtu aliyekaa baraza moja na wale waliokuwa wakifuata misafara ya wawindaji huko Tsavo na Mara hakukosa kusikia majina ya bunduki yakitajwa kama majina ya majahazi: Rigby, Mauser, Holland & Holland na Weatherby. Hilo la mwisho ni jina la Mmarekani mmoja ambaye hakuzaliwa katika ukoo wa mafundi wa bunduki, wala hakusomea kazi hiyo. Alikuwa akiuza bima. Lakini kabla ya kufa kwake, wawindaji wa dunia nzima walikuwa wamegawanyika pande mbili kwa ajili yake, wanaomsifu na wanaompinga. Hata leo ubishi huo haujesha.

Roy Edward Weatherby alizaliwa tarehe 4 Septemba 1910 katika jimbo la Kansas, mtoto wa mkulima wa hali ya chini. Mwaka 1937 alihamia California pamoja na mkewe, Camilla, akapata kazi ya kuuza bima katika chama cha wenye magari. Kazi hiyo ilimlisha yeye na aila yake, lakini moyo wake ulikuwa porini. Jioni, akisharudi nyumbani, alikuwa akijifungia na vyombo vyake akichonga vyuma na kupima baruti.

PAA ALIYEPOTEA

Husimuliwa kwamba mapema miaka ya 1940 alikwenda kuwinda katika jimbo la Utah, akampiga paa dume, na paa yule akakimbia na jeraha lake asionekane tena. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Sisi tuliofundishwa tangu chuoni kwamba kisu hunolewa kwanza ili mnyama asiteswe, hatuna haja ya kuelezwa kwa nini mtu akose usingizi kwa ajili ya mnyama aliyekwenda kufia kichakani kwa maumivu.

Bwana Weatherby aliona dawa ya tatizo lile ni kasi. Alishikilia kwamba kichwa chepesi cha risasi kikienda mbio sana humwangusha mnyama palepale, hata kama hakikumpata mahali penyewe hasa. Basi akaanza kutafuta risasi ya kwenda kasi kuliko zote zilizokuwapo.

Hapa yafaa tueleze kidogo kwa faida ya msomaji asiyejua bunduki. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni, baruti iliyo tumboni, na kichwa kinachoruka. Weatherby alichukua ganda la risasi ya Kiingereza ya .300 Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1925, ambalo ni refu na jembamba kuelekea shingoni. Akalipanua tumbo ili liingie baruti nyingi zaidi, na bega lake akalifanya la mviringo. Hiyo ndiyo .300 Weatherby Magnum, aliyoitengeneza mwaka 1944. Kichwa cha uzani wa gramu 11.7, ambacho katika ile ya Waingereza kilikwenda kiasi cha futi 2,880 kwa sekunde, katika risasi yake kikapita futi 3,200.

Bahati nayo ilimsaidia. Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika mwaka 1945, jeshi la Marekani lilikuwa na shehena kubwa za baruti iwakayo polepole, iliyokusudiwa mizinga midogo. Baruti hiyo iliuzwa kwa bei rahisi, na ndiyo hasa iliyofaa maganda makubwa kama yake. Mwaka huohuo akafungua duka dogo katika mji wa South Gate, karibu na Los Angeles, na baadaye akaiacha kazi ya bima.

KOO LA BUNDUKI

Kasi haipatikani bure. Baruti ikizidi, nguvu ndani ya bunduki huzidi pia, na chuma kina mpaka wake. Ndipo Weatherby akatumia hila ya koo refu.

Ndani ya kasiba mna mifuo iliyozunguka kama parafujo, nayo ndiyo inayokizungusha kichwa cha risasi kiende sawa. Katika bunduki nyingi kichwa hukaa karibu kabisa na mwanzo wa mifuo hiyo. Weatherby aliacha nafasi tupu isiyo na mifuo, karibu sentimita moja, ili kichwa kianze kutembea bila kuzuiwa. Kwa kufanya hivyo nguvu ya baruti haipandi ghafla, na mtu aweza kutia baruti zaidi bila ya kuipasua bunduki.

Ni kama jahazi litokalo bandarini. Likipata maji mapana kabla ya kufika mlango wa mwamba, hushika mwendo bila taabu. Lakini nahodha asipolinyoosha mapema, litauingia mlango kombo. Na huo ndio mzigo ambao koo refu liliwatwika wenye bunduki. Kichwa cha risasi kikiruka nafasi ile huku kimepinda hata unywele mmoja, kitaingia katika mifuo kimepinda, na shabaha itapotea. Mnyama atapigwa penginepo, na yale yaliyomsikitisha Weatherby kule Utah yatarudi yaleyale, safari hii kwa kasi kubwa zaidi.

KAZI YA SUBIRA

Kwa hiyo palitokea watu wengi waliozoea kujishindilia risasi wenyewe nyumbani, ambao walijifunza adabu ya bunduki hizi polepole. Kwanza walitaka kufanya kama walivyozoea katika bunduki nyingine, yaani kukitoa kichwa nje zaidi ili kiguse mifuo. Wakaona haiwezekani, kwani risasi ikiwa ndefu hivyo haienei katika magazini.

Ikabidi watafute njia nyingine. Walichagua vichwa vyenye kiwiliwili kirefu, ambavyo huwa bado vimeshikwa na shingo ya ganda vinapofika kwenye mifuo. Waliangalia kila risasi kama imenyooka. Walijifunza pia kutolibana ganda lililokwisha tumika kupita kiasi, ili bega lake lishikane barabara na chemba, badala ya ganda kutegemea ule mshipi wa shaba ulio kitakoni pake. Kufanya hivyo hunyoosha risasi na kulipa ganda umri mrefu.

Juu ya yote, walijifunza kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Huanza na baruti ya kiwango cha chini kilichoandikwa katika vitabu vya watengenezaji, hupanda kidogo kidogo, hupiga risasi tatu au tano kwenye karatasi, hungoja kasiba ipoe, kisha huandika matokeo. Mtu akibadilisha baruti na kichwa kwa pamoja, hawezi kujua ni kipi kilichomfaa. Mara nyingi kipimo kinachokusanya matundu mahali pamoja si kile chenye mwendo mkubwa kuliko vyote, bali kiko chini yake kidogo. Na kipimo cha bunduki yenye koo refu kikitiwa katika bunduki yenye koo fupi chaweza kuleta maafa. Haraka haraka haina baraka, na katika baruti methali hiyo si maneno ya kupambia mazungumzo.

SAFARI YA AFRIKA NA SIFA ZAKE

Mwaka 1948 Weatherby alikuja Afrika kuwinda ili azijaribu bunduki zake kwa wanyama wakubwa, na hata nyati alimpiga kwa risasi yake ndogo ya .257. Wapinzani hawakunyamaza. Elmer Keith, mwandishi aliyejulikana sana kwa mambo ya bunduki, alishikilia kwamba kichwa kizito kiendacho polepole ndicho kiingiacho ndani, na kwamba vyepesi hupasuka juu ya ngozi. Neno hilo lilikuwa na ukweli wake, kwani vichwa vya zama zile havikufanywa kwa kasi hiyo. Mwaka huohuo wa 1948 John Nosler alianza kuuza kichwa chenye ukuta katikati, kisichosambaratika, na vichwa vya namna hiyo viliifaa sana kazi ya Weatherby.

Mwaka 1958 akatoa bunduki yake ya Mark V, yenye komeo la meno tisa, imara kuzidi zile alizokuwa akizinunua kwa wengine na kuzigeuza. Mwaka huo pia ikatoka .460, risasi ya ndovu na nyati. Sababu yake moja ilitoka huku kwetu: nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, zilikuwa zimekataza kuwinda wanyama wa hatari kwa risasi yenye upana usiofika sehemu 40 katika mia za inchi, na ile kubwa yake ya awali, .378, ilikuwa haijafika.

Wateja wake walikuwa watu wa kila namna. John Wayne wa sinema alikuwa mmoja wao. Tuzo ya wawindaji iliyoanzishwa kwa jina lake mwaka 1956 ilimwendea Mwana wa Mfalme Abdorreza Pahlavi wa Iran mwaka 1962. Bunduki zenyewe zikaja kufanywa Ujerumani Magharibi na baadaye Japani.

Roy Weatherby alifariki tarehe 5 Aprili 1988, mwanawe Ed akiwa ameshika uongozi tangu 1983. Kampuni yao ilihamia Sheridan, katika jimbo la Wyoming, mwaka 2019.

Wako wanaomkumbuka kama mtu wa kasi tu. Lakini kampuni yake yenyewe iliwaahidi wanunuzi kwa miaka mingi kwamba risasi tatu zitaangukia ndani ya inchi moja na nusu kwa umbali wa yadi 100, na ahadi hiyo ni ya shabaha, si ya mwendo. Kasi ilikuwa fikira yake tangu mwanzo. Kuinyoosha kulihitaji maelfu ya watu wasiojulikana, kila mmoja na mizani yake na daftari lake, wakipima baruti chembe kwa chembe ili mnyama atakayepigwa asipate kukimbia na jeraha.